Nyundo Bila Kalibu ni Kelele Tupu

Katika Nembo ya Taifa letu mna mkuki, mna shoka na mna jembe. Twaiona nembo hiyo kila siku, juu ya barua za Serikali na katika kuta za ofisi na mahakama. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kujiuliza vyombo hivyo vitatu vilipatikanaje. Havikuota shambani kama mahindi. Kuna mtu aliyekitia chuma motoni, akakilaza juu ya fuawe, akakipiga kwa nyundo mpaka kikakubali kuwa jembe. Nyundo yenyewe haimo katika nembo, ila bila nyundo hapana hata kimoja cha vile vitatu ambacho kingekuwako. Bendera ya Chama, tangu mwaka 1977, imeweka jembe na nyundo pamoja, maana mkulima na mfanyakazi hawatengani. Leo twataka kusema juu ya hiyo nyundo, na juu ya kitu kingine kisichochorwa katika bendera yo yote, nacho ni kalibu.

Mara nyingi twasikia malalamiko juu ya bei ya jembe. Mkulima asema jembe ni ghali, mwenye duka asema amelinunua ghali, na mwenye kuliagiza kutoka ng'ambo asema nauli ya meli imepanda. Huenda wote wanasema kweli. Lakini liko jambo kubwa kuliko bei: taifa la wakulima, lenye chuma ardhini mwake na wahunzi katika historia yake, laendelea kununua majembe yake mengi kutoka nchi za mbali. Nasi twasema kwamba sababu yake si ukosefu wa nyundo. Nyundo tulipata kuzinunua. Tulichokosa kukikuza ni ufundi wa kalibu, na mafundi wa kalibu, na subira ya kuagiza vitu kwa wingi ili kalibu irudishe gharama yake.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe, maana mtu hawezi kuitetea kazi asiyoijua. Kufua chuma kwa nyundo ya kuangukia ni kazi ileile ya mhunzi wa kale, ila imebadilishwa mahali pawili. Mahali pa mkono wa mhunzi pamewekwa mashine inayoinua uzito mkubwa na kuuachia uanguke. Mahali pa jicho la mhunzi pamewekwa kalibu, yaani vipande viwili vya chuma kigumu sana vilivyochongwa ndani umbo la kitu kinachotakiwa: nusu katika kipande cha chini kilichofungwa juu ya fuawe, na nusu katika kipande cha juu kilichofungwa chini ya nyundo. Nyundo ikianguka, nusu hizo mbili hukutana, na chuma chenye moto kilicho katikati yake hakina pa kwenda ila kuingia katika kila pembe ya umbo lile.

Chuma cha pua hukatwa vipande vyenye uzito uliopimwa, kisha hutiwa katika tanuru mpaka moto wake ufikie digrii 1,100 hadi 1,250 za Selsiasi, rangi yake ikawa manjano ya kung'aa. Hapo pana hatari pande mbili. Moto ukipungua, chuma hukataa kujaza umbo, hupasuka, na kalibu yenyewe huumia. Moto ukizidi, chuma huungua ndani, na chuma kilichoungua hakina dawa; hurudi kwenye chakavu. Mfua chuma hukishika kipande kwa koleo, akakiweka katika tundu la kwanza la kalibu, linalogawa chuma mahali panapohitaji kingi na mahali panapohitaji kidogo. Kisha katika la pili, linalokipa umbo la karibu. Kisha katika la mwisho, linalokipa umbo kamili. Yote haya hufanywa kabla moto haujapotea. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na kila mhunzi anaijua maana ya neno hilo bila kufundishwa.

Chuma kilichozidi hutokeza pembeni kama ukosi mwembamba kukizunguka kipande, nacho hukatwa kwa mashine nyingine. Baadaye kipande hutiwa maji, au mafuta, kikawa kigumu. Halafu hupashwa tena moto wa kiasi, ili ugumu wake usiwe ule wa kuvunjika kama kioo. Hapo ndipo kinapopata tabia ya kudumu.

Nguvu ya nyundo ni hesabu ya shule ya kati. Nyundo ya tani 1 ikiangushwa kutoka urefu wa mita moja na nusu, hufika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Huo ni mwendo wa baiskeli, wala si wa kutisha. Lakini ni tani nzima inayosimama ghafula, na nguvu yake yote humwagika ndani ya kipande ambacho pengine hakizidi ngumi ya mtu. Ndiyo maana fuawe ya nyundo hiyo huwa na uzito mara 15 au hata 20 kuliko nyundo yenyewe, na msingi wake huchimbwa chini sana. Bila hivyo nyundo ingelibomoa jengo lake kabla ya kutoa kazi.

Msomaji huenda akauliza: kwa nini taabu yote hii? Kwa nini tusiyeyushe chuma tukakimimina, au tusichukue kipande kikubwa tukakichonga kwa mashine? Jibu la swali hilo limo mikononi mwa kila mkulima anayechagua mpini. Hapana mkulima anayekata mpini wa jembe kwa kukingama na nyuzi za mti. Atatafuta mti ambao nyuzi zake zinakwenda sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, maana ajua kwamba mpini uliokatwa upande utavunjika siku ya kwanza utakapokutana na kisiki. Chuma cha pua nacho kina nyuzi zake. Kinapovutwa kiwandani kuwa nondo, vijitu vidogo vilivyomo ndani yake hurefuka na kulala upande mmoja. Ukichonga spana kutoka katika bamba, unazikata nyuzi hizo katika kila kona. Ukiyeyusha na kumimina, hapana nyuzi kabisa, na mara nyingi hubaki mapovu madogo ndani yasiyoonekana kwa macho. Ukikifua katika kalibu, nyuzi hupinda pamoja na umbo, zikafuata kona kama maji yafuatavyo mfereji. Na mapovu yakiwamo, hufinywa.

Kwa hiyo vitu ambavyo uhai wa watu unavitegemea hufuliwa: ndoano ya winchi inayobeba mizigo bandarini, mikono inayoshika magurudumu ya mbele ya lori, fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti, na mara nyingi krankishafti yenyewe, mtaimbo ule uliopindapinda unaogeuza mwendo wa kupanda na kushuka ukawa mzunguko. Basi likikatika mkono wa usukani mteremkoni, abiria hawaulizi kilinunuliwa kwa bei gani.

Mmoja wetu hapa ofisini alinunua spana mjini, iking'aa kama kioo, kwa bei nafuu kuliko zote. Katika kulegeza nati ya gurudumu, ilipasuka mkononi mwake, naye akachubuka vidole. Tulipoutazama mpasuko tuliona chembe kubwa kubwa, kama chumvi ya mawe. Ile haikuwa spana iliyofuliwa. Ilikuwa spana iliyomiminwa ikapakwa urembo. Hatuna haja ya kumtaja muuzaji, kwani huenda naye alidanganywa. Tunachotaka kusema ni kwamba mnunuzi asiyejua tofauti ya chuma kilichofuliwa na kilichomiminwa atauziwa mng'ao siku zote.

Watu wetu hawakuwa wageni wa kazi hii. Huko Kagera wataalamu wa mambo ya kale, miongoni mwao Peter Schmidt na Donald Avery, walichimba na kuuliza wazee, na mwaka 1978 wakautangazia ulimwengu kwamba wahenga wa Wahaya walikuwa wakitoa chuma cha pua katika matanuru yao zamani sana, muda wa miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Ufipa walijenga matanuru marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe bila mvukuto. Upareni, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Majembe ya wahunzi wa kanda ya Ziwa yalichukuliwa mpaka Tabora yakauzwa, na katika sehemu nyingi za bara jembe lilipokewa kama fedha na kutolewa kama mahari. Majembe ya bei nafuu kutoka viwanda vya Ulaya yalipoingia, matanuru hayo yalizimwa moja baada ya jingine. Hayakuzimwa kwa sababu wahunzi walikuwa wajinga. Yalizimwa kwa sababu mhunzi mmoja apigaye jembe moja hawezi kushindana na kalibu itoayo majembe elfu.

Kalibu hiyo ilianzaje huko kwao? Tutatoa mifano miwili, maana yote miwili ina fundisho kwetu. Tarehe 24 Novemba 1839, James Nasmyth, fundi wa mitambo wa Uingereza, alichora katika daftari yake nyundo ya mvuke. Alikuwa ameombwa msaada, kwa kuwa hapakuwa na kiwanda kilichoweza kufua mtaimbo mkubwa wa kuzungusha magurudumu ya meli iliyoitwa Great Britain. Wenye meli wakageuza shauri, wakatia rafadha badala ya magurudumu, na mchoro ukabaki katika daftari. Nasmyth alieleza baadaye kwamba wageni kutoka kiwanda cha Le Creusot, Ufaransa, waliuona mchoro ule. Na alipozuru huko mwaka 1842 aliikuta nyundo imesimama inafanya kazi. Alirudi kwao mbio, akajipatia hati ya haki ya uvumbuzi mwaka ule ule. Fundisho lake ni wazi: wazo lililolala katika daftari ni mali ya yule atakayeliamsha.

Mfano wa pili ni wa Marekani. Elisha Root alikuwa fundi katika kiwanda cha mashoka huko Collinsville, jimbo la Connecticut. Kwa miaka mingi alitafuta namna ya kutoa mashoka yaliyo sawasawa bila kutegemea mkono wa mhunzi mmoja mmoja. Mwaka 1849 Samuel Colt, mtengenezaji wa bastola, alimchukua akamfanya msimamizi wa kiwanda chake katika mji wa Hartford, na huko Root akatunga nyundo za kuangukia zilizofua vipande vya bastola katika kalibu. Tazameni njia ile: ufundi ulianza katika shoka la mkulima, ukaingia katika silaha, na baadaye mbinu zizo hizo zikaingia katika cherehani, baiskeli na motokaa. Aliyejifunza kuchonga kalibu ya shoka amejifunza lugha ambayo aweza kusema nayo mambo mengi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha maneno yetu. Nyundo ni kitu cha kununuliwa. Mwenye fedha huagiza, nayo huja melini na kufungwa sakafuni. Kalibu si hivyo. Kalibu huchongwa katika chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kisije kikalainika mbele ya moto. Mchongaji hana budi kujua kwamba chuma kikipoa husinyaa. Umbo la spana ya milimita 200 sharti lichongwe karibu milimita 3 zaidi. Sharti kuta za tundu zilale nje nyuzi 5 hadi 7, ama sivyo kipande kitanasa kisitoke. Sharti ajue chuma kitapita wapi na kitakwama wapi, na ukosi wa pembeni uwe mnene kiasi gani. Akikosea, chuma hujikunja juu ya chenyewe, na mkunjo ule hubaki ndani kama kidonda kilichofunikwa. Kisha kalibu huchakaa: baada ya mapigo elfu kadhaa, au makumi ya elfu, hutanuka, hupasuka, nayo huhitaji kutengenezwa au kuchongwa upya. Kiwanda kisicho na karakana ya kalibu ni kama mtu mwenye bunduki nzuri ambaye risasi zake ziko katika sanduku la jirani.

Sisi tulijenga. Hilo lazima lisemwe kwa haki. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilisimamishwa kiwanda cha zana za kilimo pale Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Baadaye Mbeya nayo ikapata kiwanda chake cha zana za kilimo. Majembe na plau zilitoka humo zikaenda vijijini, na mkulima wa Sumbawanga akalima kwa jembe lililotengenezwa na ndugu yake. Kisha ikaja miaka ya dhiki. Fedha za kigeni zilikosekana, vipuri vikakosekana, na viwanda vingi nchini vikafanya kazi chini ya uwezo wake. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, na tangu miaka ya 1990 viwanda vya umma vikabinafsishwa. Majembe ya ng'ambo yakajaa madukani, na nyundo zetu zikapungukiwa na kazi.

Katika miaka ile ile, huko Pune, India, iliandikishwa kampuni ya kufua chuma iitwayo Bharat Forge, mwaka 1961, ikaanza kutoa kazi mwaka 1966. Leo hii ni miongoni mwa makampuni makubwa kabisa duniani ya kazi hiyo. Krankishafti zake na ekseli zake za mbele zimo katika malori ya Ulaya na Marekani. Wahindi walikuwa na soko kubwa kuliko letu, hilo hatukatai. Lakini soko kubwa peke yake halichongi kalibu. Walitia wahandisi vijana katika karakana, wakajifunza kubuni kalibu wao wenyewe, na mashine zilipobadilika nao wakabadilika pamoja nazo. Sisi na wao tulianza safari karibu siku moja. Wenzetu waliendelea kujifunza. Sisi tulidhani kwamba siku ya kufungua kiwanda ndiyo mwisho wa safari.

Wapo watakaotuambia kwamba ni rahisi zaidi kuagiza. Tuwajibu kwa hesabu, si kwa hasira. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kalibu moja imegharimu shilingi milioni 20. Ikitoa vipande 500, kila kipande kimebeba shilingi 40,000 za kalibu peke yake, na hapo mwagizaji ameshinda. Ikitoa vipande 20,000, kila kipande kimebeba shilingi 1,000, na hapo mambo yamegeuka. Kazi hii haina huruma kwa maagizo madogo madogo. Kwa hiyo swali si kama twaweza kufua au hatuwezi. Swali ni kama twaweza kukubaliana kununua kitu kimoja, cha kipimo kimoja, kwa wingi na kwa miaka kadhaa mfululizo.

Na wanunuzi wakubwa wapo. Chukueni mfano wa reli. Mataruma yakipangwa kila sentimita 60, kilomita moja ina mataruma zaidi ya 1,600. Na kila taruma likishikwa kwa vibanio vinne, kilomita ile moja yala vibanio zaidi ya 6,000. Kibanio si kitu cha ajabu: ni chuma cha springi kinachopindwa katika kalibu kingali moto, kisha kikatiwa maji. Hesabuni kilomita kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, mjue ni kazi ya nyundo ngapi. Ongezeni majembe ya vyama vya ushirika, ndoano na minyororo ya bandari, meno ya trekta, spana za magereji ya Serikali. Kila idara ikiagiza peke yake, kwa kipimo chake, kwa mwezi wake, hapana kalibu itakayolipa. Zikikaa meza moja na Shirika la Viwango, zikachagua vipimo vichache na kuvishikilia, kiwanda kitajua kesho yake.

Wala hatusemi kwamba kila kitu kifuliwe kwa nyundo kubwa. Bloku la injini, jiko la mkaa na puli ni kazi ya kumimina, na kumimina kuzuri ni ufundi wa heshima. Kisu kimoja au mundu mmoja ni kazi ya mhunzi wa mtaani. Tena huyo mhunzi wa mtaani, anayekata springi ya lori bovu akaifua kuwa jembe, asidharauliwe na mtu aliyevaa tai. Yeye ajua rangi ya moto kwa jicho, ajua sauti ya chuma kinachokaribia kupasuka. Ajua bila chuo kwamba springi ni chuma kizuri kuliko nondo ya kujengea. Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa namna yake, na vyuo vya VETA viko tangu miaka ya 1990. Tungependa kuona katika vyuo hivyo nyundo ndogo ya kilo mia mbili au tatu, tanuru lenye kipimo cha moto, na juu ya yote benchi la mchonga kalibu. Siku hizi kalibu huchongwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na kijana wetu aliyesoma hisabati anaweza kazi hiyo kabisa. Ila awekwe kando ya fundi mzee kwa miaka, si katika semina ya wiki mbili. Mafundi waliofundishwa katika miaka ile ya Ubungo na Mbeya wamezeeka, na wengine wametutoka. Kila mmoja anayezikwa bila mwanafunzi anazikwa pamoja na karakana nzima.

Sharti tuseme pia neno juu ya mfanyakazi mwenyewe, kwa maana viwanda si mashine tu. Kelele ya nyundo hizi hupita desibeli 100, wakati kiasi cha 85 kwa siku nzima ya kazi tayari ni mpaka wa usalama wa masikio. Sikio likifa halifufuki. Tumewaona wazee waliotumikia nyundo miaka 20, ambao leo wajukuu wao huwasemesha kwa mikono. Hiyo haikuwa lazima ya kazi, yalikuwa mapuuza. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri amkinge mtu wake, nayo yampa mfanyakazi haki ya kudai. Kizuia masikio si zawadi, wala miwani ya kuzuia magamba ya moto si urembo. Na kijana anayeanza afundishwe siku ya kwanza kile anachokijua kila mfua chuma mzima: vishikio vya koleo hushikwa kando ya mwili, kamwe visielekezwe tumboni, kwa sababu nyundo ikipiga vibaya koleo hurudi nyuma kama mkuki. Mwenye kiwanda anayesema hana fedha za vitu hivi, basi hana fedha za kuwa na kiwanda.

Ardhi yetu haikutunyima. Chuma cha Liganga, katika Wilaya ya Ludewa, kimesemwa katika mikutano kwa miaka mingi hata watoto wamekariri jina lake. Twaomba kichimbwe. Lakini twaonya pia kwamba chuma kikitoka Liganga kikiwa mawe, kikapakiwa melini, kikarudi kikiwa majembe, tutakuwa tumefanya kazi ya uchukuzi tu. Thamani haimo katika jiwe. Imo katika umbo, na umbo limo katika kalibu, na kalibu imo katika kichwa cha mtu aliyefundishwa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama aliyelala juu ya chuma ni yeye mwenyewe.

Basi twataka mambo matatu. Wenye kupanga viwanda wasiagize nyundo moja zaidi kabla hawajaonyesha karakana ya kalibu itakuwa wapi na nani ataifanya kazi. Wenye kununua kwa niaba ya umma waunganishe maagizo yao, wayatoe kwa vipimo vilivyokubaliwa, na wayadumishe. Na wafanyakazi, kupitia vyama vyao, wadai mafunzo kwa nguvu ile ile wanayodaia mshahara, maana mshahara wa mtu asiyejua kazi hupandishwa leo ukapunguzwa kesho, lakini ujuzi hakuna awezaye kuukata.

Ndugu msomaji, jioni ya leo utakapolisafisha jembe lako na kuliegemeza ukutani, ligeuze ulitazame. Tafuta jina la nchi lilikofuliwa. Ukilikuta ni jina la nchi nyingine, usilitupe. Lima nalo, kwa kuwa mvua haingoji siasa. Lakini mwonyeshe mwanao jina lile, na umwambie kwamba wahenga wake walifua chuma kabla jina hilo halijajulikana hapa, na kwamba kazi ya kulibadilisha ni yake.